Waraka unasomwa, daftari ndo linaongea

Kila nikisikia mtu anasema Kanisa liachane na mambo ya serikali libaki na sala zake, nakumbuka Machi 2021, na ninachokumbuka sio hotuba, ni hesabu. Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC), alisema ndani ya miezi miwili wamefariki mapadre zaidi ya 25 na masista 60, wakiwa na matatizo ya kupumua. Hakumtukana mtu, hakutaja chama. Alihesabu tu, na watu wakashtuka, maana ilikuwa inakaribia mwaka hamna mtu anayehesabu hadharani.

Kwa waliosahau, au waliokuwa bado shule ya msingi: takwimu za mwisho za corona nchini zilitolewa mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2020, zikaishia wagonjwa 509 na vifo 21, halafu kimya. Juni mwaka huohuo Rais Magufuli akatangaza Mungu ametusaidia, corona imeisha. Makanisa hayakufungwa hata siku moja kwa amri ya serikali, wakati majirani zetu Kenya na Uganda walikuwa wamefunga milango, na yeye mwenyewe alishasema mapema, Machi 2020, akiwa kanisani Dodoma, kwamba kirusi hakiwezi kukaa kwenye mwili wa Kristo. Mkatoliki mwenzetu, anapokea komunyo kama sisi, kwa hiyo ukibisha ulikuwa unaonekana unabishana na rais na imani kwa mpigo mmoja.

Ikifika Januari na Februari 2021, mnaokaa Dar mnakumbuka, matangazo ya misiba yalikuwa na sentensi moja ambayo sijaisikia kabla wala baada: "amefariki kwa changamoto ya upumuaji". Kila msiba, changamoto ya upumuaji. Tunakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, mtu anasoma wasifu wa marehemu, akifika kwenye ugonjwa sauti inashuka, anasema hiyo sentensi haraka haraka anahamia kwenye watoto na wajukuu. Hamna aliyeuliza, na wote tulijua.

Sasa swali langu ambalo sioni likiulizwa: TEC walijuaje? Hawana maabara ya taifa, hawana waziri. Walijua kwa sababu padre hafi kimyakimya. Akifa padre kuna parokia imebaki bila misa Jumapili, kuna askofu inabidi atafute wa kumziba, kuna ibada ya mazishi inayojaza mapadre wa jimbo zima. Sista naye anaishi kwenye nyumba ya shirika, mezani kiti chake kinabaki wazi, mama mkuu anaandika. Ni watu walioandikwa majina tangu siku ya nadhiri mpaka siku ya kaburi, kwa hiyo wakipungua inaonekana.

Na sio mapadre tu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu. Hicho cha marehemu ndo nakizungumzia. Nenda ofisi ya parokia yoyote ya zamani utaonyeshwa madaftari makubwa yenye majalada magumu, mengine yameliwa na mende pembeni, majina yamepangwa kwa mwandiko wa makatekista watatu au wanne tofauti, tarehe, kijiji, umri wa kukadiria. Vijijini kuna watu chungu nzima wamezikwa bila cheti cha kifo, RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, hawawajui, ila daftari la parokia linawajua.

Chini ya parokia kuna kitu kikali zaidi, jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Mkatoliki yeyote wa Tanzania analijua swali la katekista ukienda kuomba huduma: "Jumuiya gani?" Unataka kubatiza, jumuiya gani. Unataka ndoa, barua ya mwenyekiti wa jumuiya iko wapi. Una msiba, marehemu alikuwa anasali jumuiya gani na zaka alikuwa anatoa? Tunalalamika sana kuhusu huo ukiritimba, na mi nimelalamika, kuna mwaka nilizungushwa wiki mbili kwa ajili ya muhuri wa kadi. Lakini tuangalie upande wa pili. Ni kaya kama ishirini hivi zinazokutana kila wiki, kwetu ni Jumamosi saa 12 asubuhi, nyumba kwa nyumba, na katibu ana daftari la kaunta quire mbili anaandika nani kaja, nani mgonjwa, nani kafiwa, nani kahamia. Serikali ingelipa mamilioni kupata mtandao kama huo, na sisi tunautumia kukusanya michango ya harusi ya mtoto wa mwenyekiti (natania, ila sio sana).

Hoja yangu ndo hii: Kanisa likiongea kuhusu afya na sera kutokana na kile linachokiona na kukihesabu lenyewe, linasikika hata na wasiolipenda. Likiongea kwa waraka tu, waraka unaishia kwenye ubao wa matangazo. Na likiongea kwa kitu ambacho halijakishika vizuri mkononi, wanaolipia ni akina mama na watoto.

Tuanze na waraka. Ule wa corona ulitoka tarehe 26 Januari 2021, umesainiwa na Rais wa TEC wa wakati huo, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, unatahadharisha kuhusu wimbi jipya na unasema sisi sio kisiwa. Kesho yake tu, tarehe 27, rais akiwa Chato akazikosoa chanjo na kusema hazifai. Siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Dar, Yuda Thadei Ruwa'ichi, akawaambia waamini corona ipo, turudi kwenye barakoa na kunawa. Kwa mazingira yale ule ulikuwa ujasiri, tusiudharau.

Ila niwaambie ulivyopokelewa kwenye benchi niliyokaa mimi. Misa ya pili, jua limeshapanda, komunyo imeisha, kwaya imeimba wimbo wa shukrani mara mbili kwa sababu ndo walikuwa wamemaliza kuufanyia mazoezi. Katibu wa parokia anapanda na rundo la karatasi. Kwanza ndoa za wiki, kama kuna anayejua kizuizi aseme. Halafu WAWATA, akina mama Wakatoliki, wabaki kidogo baada ya misa. Halafu harambee ya paa, jumuiya zilizomaliza na zile ambazo, alivyosema, "zinajijua". Halafu waraka, kurasa zote, kwa sauti ileile aliyosomea ratiba ya usafi wa kanisa. Mtoto wa mbele yangu kalala. Kwenye ukurasa wa pili watu wameshaanza kutoka kuwahi bodaboda. Hamna aliyesimama kuuliza swali kwa sababu kanisani hamna sehemu ya swali, matangazo yanashuka tu, hayapandi.

Wiki iliyofuata ndoo za maji tiririka zikarudi mlangoni, zile za 2020, moja koki imevunjika imezibwa na kijiti. Salamu ya amani ikawa ya kuinamisha kichwa. Komunyo mkononi, na hapo kulikuwa na vita, kuna bibi mmoja wa jumuiya yetu alisema yeye tangu komunyo ya kwanza hajawahi kumshika Yesu na mikono iliyoshika jembe na hataanza sasa, Baba Paroko akashindwa, akampa mdomoni mwisho wa foleni. Parokia ya jirani hamna hata ndoo. Kwenye Kanisa moja, waraka mmoja, jijini hapahapa, kila paroko alikuwa na corona yake. Mwaka uliotangulia pia ilikuwa hivyo, Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisimamisha misa za hadhara jimboni kwake wakati majimbo mengine yanaendelea. Ni haki ya kila askofu kwenye jimbo lake, sawa, lakini mwamini wa kawaida anaona tu kwamba huku hatari na huku sio hatari.

Halafu ikaja chanjo. Rais Samia akazindua tarehe 28 Julai 2021, kachanjwa mbele ya kamera, dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson. Kwa Wakatoliki suala la dhamiri lilikuwa limeshajibiwa zamani, Vatikani ilitoa maelezo Desemba 2020 kwamba chanjo hizo zinakubalika kimaadili, na Agosti 2021 Papa Fransisko akasema kuchanjwa ni tendo la upendo. Nani kwenye jumuiya alikuwa na hayo maelezo? Hamna. Walichokuwa nacho ni klipu za mhubiri Josephat Gwajima, ambaye wala sio Mkatoliki, anapinga chanjo, zinazunguka kwenye grupu la wasap la jumuiya kuliko tafakari ya injili. Klipu ya dakika mbili, inaongea kwa hasira, kwa Kiswahili cha mtaani. Sisi tulikuwa na PDF.

Aliyebadilisha watu kwetu alikuwa sista mmoja muuguzi wa zahanati, simtaji jina. Alikuja jumuiya Jumamosi kama mgeni, baada ya tafakari akakaa kwenye kigoda, akasema ulizeni chochote. Wakauliza kweli. Kama inaua nguvu za kiume. Kama wanaweka chipu. Mzee mmoja akauliza mbona yeye ana presha, atachanjwaje. Alijibu mpaka chai ikapoa, na pale ambapo hakuwa na jibu alisema sijui, nitamuuliza daktari niwaletee Jumamosi ijayo, na Jumamosi akaleta. Sio wote walichanja. Ila waliochanja pale kwetu ukiwauliza sababu, wanamtaja yeye, waraka hautajwi.

Sasa niende Kenya, maana kule tuna somo la kinyume. Mwaka 2014 maaskofu Katoliki wa Kenya walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda iliyokuwa inalenga wanawake wa miaka 14 mpaka 49, wakasema sampuli walizopima zina hCG, homoni ya ujauzito, kwa maana hiyo ni chanjo ya kufunga kizazi kwa siri. WHO na UNICEF wakakanusha. Mabishano ya vipimo yakaenda mbele na nyuma, wataalamu wakaeleza kwamba mashine na vitendanishi vilivyotumika mwanzoni ni vya kupima damu na mkojo wa binadamu, ukiviwekea chanjo majibu yake hayaaminiki. Agosti 2015 maaskofu haohao wakawaambia waamini wasusie kampeni ya polio mpaka chanjo ipimwe.

Sitaki kuwacheka. Shaka ilikuwa na mizizi: utafiti wa chanjo ya kuzuia mimba inayounganisha hCG na pepopunda ulikuwepo kweli duniani tangu miaka ya 1970, na serikali haikumwelezea mama wa kijijini kwa nini wanachanjwa wanawake tu. Jibu lenyewe ni jepesi, pepopunda ya watoto wachanga inaingia kwenye kitovu kinachokatwa na wembe mchafu, na mama akichanjwa kinga inampitia mtoto tumboni. Sentensi moja tu. Na kudai chanjo ipimwe ni haki ya raia yeyote, sembuse taasisi yenye hospitali zake. Shida ni kwamba Kanisa lenye wodi za uzazi kila kona ya Kenya lilikuwa na daftari zuri kuliko maabara yoyote, lingeweza kuuliza wakunga wake wenyewe: waliochanjwa raundi iliyopita, wanashika mimba au hawashiki? Watoto wangapi wanakuja wamekakamaa na pepopunda? Badala yake hoja ikasimama kwenye karatasi za maabara ambazo mwamini hawezi kuzisoma na hata askofu mwenyewe inabidi asomewe.

Nyumbani kwetu nina dukuduku lingine, na hili litaniletea maneno. Agosti 2023 TEC walitoa tamko kuhusu mkataba wa bandari na Dubai, la tarehe 18, likasomwa makanisani, na jamani mlikuwepo, kanisa lilikuwa kimya hata mtoto halii. Hakuna aliyewahi bodaboda siku ile. Nje ya kanisa watu wamekusanyika wanachambua vifungu. UWAKA wetu, umoja wa wanaume Wakatoliki, ambao kikao chao hakifikishi akidi tangu Pasaka walikuja wote. Safi kabisa, raia wana haki.

Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo, hata miezi mitatu haijaisha, Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Hii inamgusa bibi wa komunyo, inamgusa bodaboda, inaamua nani anaingia kwenye mfumo na nani anasomeka kama asiye na uwezo na hela ya kumlipia inatoka wapi. Inazigusa pia hospitali zetu wenyewe, kwa sababu kinachoziendesha ni malipo ya wagonjwa na ya bima. Parokiani kwetu sikusikia hata neno moja. Hamna tangazo, hamna semina, Kamati ya Haki na Amani ilikuwa bado iko bandarini.

Na sio kwamba Kanisa halina uzoefu wa kukaa mezani na serikali. Tangu 1992 kuna Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, Wakatoliki na wenzetu wa CCT, Jumuiya ya Kikristo Tanzania ya Waprotestanti, pamoja, iliyotokana na makubaliano na serikali kuhusu shule na hospitali. Bugando pale Mwanza ilijengwa na maaskofu, ikafunguliwa 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata, ikarudishwa kwa Kanisa 1985 kwa makubaliano kwamba serikali itaendelea kubeba sehemu ya mzigo. Wilaya ambazo hazikuwa na hospitali ya serikali, hospitali ya misheni ikapewa hadhi ya hospitali teule, Kanisa linaendesha, serikali inalipa mishahara. Kwa hiyo huko juu wanaongea kila siku, wana makabati ya mikataba. Mazungumzo ya juu hayashuki kwenye jumuiya, na yanayoonekana kwenye jumuiya hayapandi. Mwenyekiti wa jumuiya anajua kabisa nani kauza kiwanja kulipia operesheni, nani alirudishwa nyumbani na dawa nusu, na hiyo habari inafia palepale kwenye mchango wa elfu mbili mbili.

Kuna sehemu moja iliwahi kupanda kutoka chini. PASADA, Jimbo Kuu la Dar, 1992. Haikuanza na waraka. Ilianza na kikundi kidogo cha watu wanaoishi na VVU waliotaka pa kukutana, enzi ambazo ukijulikana unayo hata kikombe chako kinatengwa, na kutoka hapo ikakua mpaka kuwa kituo kikubwa chenye kliniki. Kwenye kondomu Kanisa na serikali hawajawahi kuelewana na sidhani kama wataelewana, lakini kwenye kuuguza, kwenye yatima, kwenye dawa, hakuna mtu mwenye akili zake anayeweza kulinyamazisha. Halafu angalia ndoa, parokia nyingi zinawaambia wachumba wapime kabla ya kufunga, ni sera ya afya ya umma ile, inatekelezwa na katekista mwenye kalamu ya Bic, na imefanya kazi kwa sababu iko kwenye utaratibu, sio kwenye hotuba.

Jumamosi moja nikapeleka hoja jumuiya. Nikasema katibu aongeze safu mbili tu kwenye daftari: kaya ina bima ya afya au haina, na nani ana ugonjwa wa dawa za kila siku, presha, sukari, kisha tupeleke jumla parokiani bila majina, parokia ipeleke dekania, yaani kundi la parokia za jirani. Kukawa na kelele. Mama mmoja akasema ugonjwa wake ni wake, hataki usomwe kwenye harambee, na ana haki, tukakubaliana ya magonjwa tuiache kwanza mpaka tupate namna ya kutunza siri. Mwenyekiti akauliza hii ni ya CCM au ya Chadema. Nikamwambia ni ya kwetu. Akacheka, hakuamini.

Ya bima ikapita. Tulihesabu palepale kwa kunyoosha mikono na mikono iliyopanda ilikuwa michache, na miwili kati ya hiyo ikashuka wenyewe walipokumbuka kadi zilishaisha muda. Katibu akafungua daftari atafute pa kuchora hizo safu, akakuta kurasa zimeisha, ya mwisho ina orodha ya waliochangia msiba wa Januari. Daftari jipya la kaunta lilikuwa elfu nne na mia tano. Bakuli likapita.